Siri ya Mteja

Pale Bidbid, nje ya Maskati, barabara inapogawanyika, moja ya Nizwa na moja ya Ibra hadi Sur, magari yalikuwa yamejazana mbele ya duka la chai, kila mtu anapiga honi ahudumiwe. Ghaniya alishusha kioo akapokea kikombe. Mwanamume wa gari la pili akamwambia kwa Kiswahili:

"Bibie, hiyo ya tangawizi ni yangu."

Alivaa dishdasha, kanzu ya Kiarabu, isiyo na mkunjo hata mmoja, kilemba cha zambarau kimemkaa upande.

"Umejuaje nasema Kiswahili?"

"Nimekusikia ukigombana na mtu kwenye simu. Kiarabu hakina maneno makali matamu hivyo."

Ghaniya alicheka, akiirekebisha abaya yake yenye tarizi ya fedha. Alikuwa wakili Maskati, akirudi kwao Ibra mwisho wa wiki. Mwanamume, Nizar, alikuwa daktari wa meno Nizwa. Baba yake Mmanga, mama yake wa bara, na alilelewa na mdogo wa mama yake, Shukriya, huko huko bara, katika kijiji cha kando ya mto.

Simu zikaanza.

"Uko wapi, roho yangu?" Nizar aliuliza.

"Nyuma ya lori la mbuzi. Hata Bidbid sijafika."

"Mpe dereva salamu zangu, mwambie kuna mtu anateseka."

Nizar akaahidi kuleta posa baada ya Ramadhani. Lakini alipomtaja mama mdogo, sauti ilimshuka. Mikono ya Shukriya ilikuwa ikitetemeka, figo zinamsumbua. Upande wa juu wa mto kulikuwa na mgodi wa dhahabu. Serikali ya kule iliuzuia usimwage mabaki majini, kampuni ya mgodi ikaishitaki nchi nzima.

"Ghaniya, kampuni inaishitakije nchi?"

"Kwa mkataba," alijibu taratibu. "Nchi ilikuwa changa, inatafuta mitaji. Ikatia saini kwamba ugomvi usisikilizwe na mahakama zake, bali na wasuluhishi watatu, ng'ambo. Ikishindwa, inalipa, au inafuta sheria yake."

Hakumwambia kwamba kampuni hiyo ndiyo mteja wake. Kiapo cha uwakili kilimfunga mdomo, na alijipa moyo kwamba kimemfunga kwa haki.

Kampuni ikashinda. Serikali, kwa kuogopa fidia, ikaondoa zuio. Mchana mmoja Nizar alimpigia simu ofisini.

"Mama mdogo amerudi kuchota mtoni, habibti. Watu wa mgodi wamewaambia maji ni safi."

Ghaniya aliinuka akafunga mlango.

"Mpigie sasa hivi. Mwambie asiyanywe. Yeye na majirani."

"Kwa nini?"

"Yana sumu ya zebaki. Wataalamu wa mgodi wenyewe walisema mbele yangu."

"Mbele yako wewe kama nani?"

"Wakili wao."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla sijakutana nawe."

Hapo simu ikakatika.

Ghaniya aliacha kazi, akatoa ushahidi kwa mawakili wa serikali ile, nao wakaomba kesi ifunguliwe upya. Wasuluhishi wakaukataa: maneno ya wakili aliyevunja siri ya mteja wake hayapokelewi. Yeye akafutiwa leseni. Shukriya hakuziona mvua za vuli.

Baada ya matanga Nizar alikuja Ibra, amekonda, kilemba kimefungwa ovyo. Alimpa mzee Hamood, baba yake Ghaniya, shikamoo, akanywa kahawa. Mzee akawapisha.

"Majirani wameacha maji ya mto," alisema Nizar. "Wanakwenda mbali kuchota kwingine, lakini ya mto hawayanywi. Nimeona nikwambie mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Na sisi?"

"Nakupenda, Ghaniya. Hilo sijaweza kuliacha." Alikuwa anaangalia zulia. "Lakini nilikuwa nakusimulia mikono yake, nawe unanifundisha mikataba."

"Ningesema, ningefutiwa leseni."

"Umefutiwa hata hivyo."

Hakulisema kwa ukali, na Ghaniya aliona afadhali angelisema kwa ukali. Alimsindikiza hadi mlangoni. Nizar alivaa viatu, akaingia garini.

Mzee Hamood alirudi.

"Kaja kuposa?"

"Hapana, baba. Kaja kuniaga."

Mzee akavuta birika. Alimmiminia mwanawe kahawa, akakaa kando yake mpaka Ghaniya alipoanza kulia.