Siri ya Mkate Laini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio alipita kwenye duka la mikate la mjomba wake kuchukua mikate ya chai ya wanafunzi. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Hili la Redio alipewa na bibi yake akiwa bado mdogo, kwa sababu habari haikulala tumboni mwake. Ukimwambia jambo wakati wa kula, wakati wa kuosha vyombo mtaa mzima unalo. Watu walicheka, naye akacheka, na jina likamganda.

Mjomba naye hakuitwa kwa jina lake. Wote walimwita Hamira, maana alikuwa mtu wa kuumuka. Akifurahi, alifurahi mwili mzima, tumbo likitikisika mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na meza ya kuuzia, ambako alisimama mama yake Redio, dada wa Hamira. Katikati kulikuwa na meza ya mbao ya kukandia unga, na nyuma kabisa tanuri la matofali na mlango wa kutokea uani. Madonge ya unga yalipangwa kwenye mbao na kufunikwa vitambaa vyeupe vizito ili yaumuke bila kukauka. Chumba hicho kimoja kililisha nyumba mbili, ya Hamira na ya Redio na mama yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, kituo chetu cha habari! Leo tuna taarifa gani?"

Redio alikuwa nazo siku zote. Alizimwaga zote huku akipanga mikate kwenye kikapu, na Hamira akazisikiliza kama mtu anayelipwa kusikiliza.

Vile vitambaa vya kufunikia unga vilikuwa na kazi yake. Kufikia mwisho wa wiki viligandwa na mabaki ya unga mpaka vikakakamaa kama mbao. Jumamosi, Hamira aliviloweka kwenye beseni kubwa la kufulia lililokaa uani, akatia sabuni, akasubiri mabaki yalainike yawe uji mzito. Kisha alikunja suruali, akaosha miguu, akaingia kuvikanyaga. Mikono ya mtu anayekanda unga wiki nzima huuma viungo, na ikifika Jumamosi, ya Hamira ilikuwa haitaki hata kufunga kifungo. Kwa hiyo alifua kwa miguu, na alipofua aliimba.

Jumamosi moja Redio alimkuta katikati ya wimbo, akizunguka ndani ya beseni huku povu likimrukia magotini. Mkononi Redio alikuwa na simu ya mama yake, aliyopewa afanyie kazi ya shule. Wiki hiyo jirani yake wa dawati alikuwa ameweka mtandaoni video ya paka anayepiga chafya, na maelfu ya watu walikuwa wameitazama. Tangu hapo alitembea na shingo ndefu kana kwamba yeye ndiye aliyepiga chafya. Redio alikuwa ameshafungua ukurasa wake kwa siri, lakini hakuwa na paka.

"Mjomba, nikupige video?"

"Nipige, mwanangu! Lakini unitoe kijana."

Hamira akazidisha madoido. Redio alicheka mpaka simu ikatikisika.

Ilikuwa video fupi. Haikuonyesha sabuni ikitiwa, wala kitambaa kikitolewa. Ilionyesha miguu miwili, beseni, kitu cheupe kizito kikivutika katikati ya vidole, na mwokaji mikate akicheka. Chini yake Redio aliandika: "Siri ya mkate laini wa Hamira ni hii!"

Alijua ni mzaha. Mjomba angejua ni mzaha. Binamu zake, walioliona beseni lile tangu utotoni, wangecheka wakaendelea na shughuli zao. Lakini Redio hakuwatumia binamu zake, maana binamu hawafiki elfu. Aliiweka mahali ambapo kila mtu angeiona.

Jioni ile watazamaji waliongezeka, na Redio alifurahi sana, hilo lazima lisemwe. Halafu mtu fulani, ambaye hajawahi kukanyaga duka lile, aliichukua ile video akaitia sauti ya huzuni: "Ndugu zangu, haya ndiyo wanayolishwa watoto wetu." Hiyo ya pili ilikimbia kuliko ya kwanza. Iliingia kwenye makundi ya wazazi, ya majirani, ya waumini, ya wanaochangiana harusi. Karibu kila aliyeisambaza alitanguliza maneno yale yale: "Sijui kama ni kweli, ila nimeona niwatahadharishe." Watu wazima hao, wenye akili zao. Kama hujui, unamtahadharisha mwenzako na nini?

Jumatatu, saa ya chai, mikate ilibaki mezani. Jirani wa dawati alisukuma kipande chake kwa kidole kimoja.

"Kula wewe. Ni miguu ya kwenu."

Darasa likaangua kicheko. "Alikuwa anafua vitambaa!" Redio alipaza sauti. "Ni beseni la kufulia!"

"Si wewe mwenyewe uliyeandika ni siri ya mkate?"

Redio alikivuta kile kipande, akakila. Aliporudi nyumbani alichukua simu akaifuta ile video, akashusha pumzi. Alidhani yamekwisha. Lakini alikuwa amefunga bomba wakati nyumba imeshajaa maji. Video ilikuwa kwenye simu za watu, na kutoka huko hakuwa na namna ya kuifuta.

Kwenye duka, mikate ilianza kulala rafuni. Hakuna mteja aliyemwambia Hamira lolote usoni. Walisema leo hawana hamu, au leo wamechelewa. Mshonaji wa jirani, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyenunua mkate wa kwanza ungali moto, sasa alipita upande wa pili wa barabara akijifanya kuangalia simu. Mwalimu mkuu naye alituma ujumbe kwamba shule itapumzika kununua mikate kwa muda. Hamira hakuwa na simu ya mitandao, na dada yake aliitumia simu yake kupiga na kupokea tu. Wakabaki gizani, mtaa mzima ukijua kinachosemwa juu yao.

Basi Hamira akaulaumu mkate wake. Alibadilisha unga, akabadilisha hamira. Alimega mkate hapa na pale, akatafuna polepole huku amefumba macho, akimuuliza dada yake, "Hebu onja. Una uchungu? Mimi sijui, labda ulimi wangu umezeeka." Redio alisimama kando akitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake habari ililala tumboni, na ilimuuma kweli kweli. Alijiambia atasema kesho. Kesho akasema keshokutwa.

Mwisho aliyekuja kuwaambia ni afisa afya. Alikagua sakafu, meza, magunia ya unga, kucha za Hamira. Alifungua mlango wa uani akalitazama beseni. Kisha akatoa simu.

"Mzee, samahani. Huyu ni wewe?"

Hamira aliinama akatazama. Alijiona akicheza. Alisikia sauti ya huzuni ikimtaja, na nyuma yake, kwa mbali, kicheko cha mtoto ambacho angekitambua hata usingizini. Tabasamu lililokuwa limeanza kumjia usoni likaondoka. Mama yake Redio alishika meza kwa mikono miwili.

"Ni mimi," Hamira alisema. "Nilikuwa nafua vitambaa vya kufunikia unga. Hivyo hapo kwenye kamba."

"Nani aliyepiga hii video?"

Redio alikuwa amesimama hatua chache tu, kikapu kitupu mkononi. Hamira hakumtazama.

"Uani wanapita watu wengi, bwana. Sikumbuki."

Afisa alifunga simu. "Nimekagua, sijaona kosa hata moja, na nitaandika hivyo. Utabandika mlangoni. Lakini nikuambie ukweli, mzee wangu. Karatasi yangu haina mbio kama hii video."

Alipoondoka, mama alimgeukia kaka yake. "Watu wengi gani wanapita uani? Uani hapaingii mtu ila sisi wa..." Hakumaliza. Alikuwa ameshamwona binti yake usoni.

"Ni mimi, Mama," Redio alisema, na machozi yakamtangulia maneno. "Nilipiga mimi. Niliandika mimi. Nilikuwa nafanya mzaha, Mjomba. Nilitaka watu wacheke."

Mkono wa mama ulipanda. "Mwache," Hamira alisema.

"Nimwache? Mchuma janga hula na wa kwao, kaka! Na wa kwao ndio sisi. Haya, niambie, tutakula nini? Video?"

Hamira alikwenda kukaa kwenye gunia la unga, akiwa ameligeuzia tanuri mgongo.

Walijaribu kurekebisha. Redio alipiga video nyingine, safari hii mbele ya mama yake. Ilionyesha beseni, sabuni, vitambaa, meza ya kukandia, na yeye mwenyewe akisema, "Mimi ndiye niliyeandika uongo. Mjomba wangu hakandi unga kwa miguu." Hamira alisimama kando amekakamaa, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Watu wachache waliitazama. Mmoja aliandika, "Wanajisafisha." Mwingine akaandika kwamba mtoto amelipwa. Na ile karatasi ya afisa afya, iliyobandikwa mlangoni, ilipata wasomaji waliosema amehongwa.

Tanuri likazimwa. Mama alianza kuzunguka nyumba za watu akifua nguo zao. Jioni Redio alimkanda mabega, na mama hakumwambia asante wala acha.

Ndipo siku moja asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari, Redio alimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kusema. Alisimama mbele ya shule nzima, akaeleza kila kitu, hata habari ya paka na chafya. Wengine walicheka. Jirani yake wa dawati hakucheka. Alitazama viatu vyake. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, na jioni ile ile alikwenda mwenyewe dukani, akaonyeshwa uani, akaonyeshwa vitambaa.

"Nilipaswa kuja hapa kabla ya kusitisha mikate," alimwambia Hamira. "Nina miguu, nina macho, na shule si mbali. Nilitazama simu badala yake. Nisamehe, mzee."

Tanuri likawashwa tena. Shule ikarudi kununua, na wateja wengine mmoja mmoja. Mama akarudi mezani pake. Mtu angeweza kusema mambo yameisha vizuri, kama hakuuliza zaidi. Redio aliuliza. Alimfuata mshonaji kwenye cherehani yake akamsihi aje kununua.

"Mwanangu, najua si kweli," mshonaji alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Nimesikia ulivyosema shuleni, na nimekuamini. Lakini kila nikiuweka mkate mdomoni naiona ile miguu. Nifanyeje? Tumbo halisikilizi maelezo."

Jumamosi iliyofuata Redio alimkuta mjomba wake akifua vitambaa. Alikuwa amelitoa beseni uani akaliweka mbele ya duka, kando ya barabara, na amekaa kwenye kigoda akifikicha kwa mikono. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. Hakuwa anaimba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Redio alingoja aulizwe taarifa za leo. Hakuulizwa. Akachuchumaa karibu na beseni.

"Mjomba, mikono inakuuma. Rudi uani ukanyage tu. Mimi nitafunga mlango."

"Nikifunga mlango watasema naficha. Nikiuacha wazi watapiga picha. Acha nifue hapa, anayetaka kuona aone."

"Bado hujanisamehe?"

Hamira alikamua kitambaa, akakitundika begani.

"Nilikusamehe mbele ya yule afisa, kabla hujaniomba. Ungenivunjia dirisha, ningekusamehe, tungetia kioo kipya, basi. Lakini wewe umevunja kitu ndani ya vichwa vya watu, na huko mimi sina mlango wa kuingilia nikatengeneze." Alichukua kitambaa kingine. "Sikukatazi simu. Dunia yenu ndiyo hiyo. Ila kabla ya kurusha kitu, usijiulize kama wewe unajua ni mzaha. Jiulize, mtu asiyemjua Hamira ataona nini hapa? Na kikikufikia cha mwenzako, usikipeleke mbele mpaka ujue yule ni nani na alikuwa anafanya nini. Yule naye ana dada anayemtegemea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mjomba."

Mama mmoja alipita barabarani akiwa amemshika mtoto wake mkono. Mtoto akanyoosha kidole.

"Mama, yule ndiye wa miguu!"

"Twende," mama yake alisema, akaharakisha.

Hamira alisikia. Hakuinua kichwa, aliendelea kufikicha mahali pale pale, ingawa palikuwa pameshatakata. Redio alitafuta neno la kumwambia, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno, akalikosa. Akakunja mikono ya gauni lake, akachukua kitambaa kilichofuata, na wakafua pamoja mpaka vitambaa vikaisha.