Udongo Mpya, Mchicha Uleule

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni. Ya pili ilipita sentimita chache juu ya helmeti.

Sindano hakugeuka. Akaongeza moto, Yamaha ikanguruma, na ile Land Cruiser nyeusi ikabaki nyuma ikila vumbi. Watu wa kampuni ya bomba waliokuwa ndani yake walitaka jambo moja tu: jasusi huyu asifike shambani kabla ya mkaguzi kutia sahihi. Ardhi ikishatangazwa salama, familia zote zilizohamishwa bomba la mafuta lilipopasuka zingerudishwa leo hii, zilime pale na kula pale. Miongoni mwao ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Redio ikakoroma sikioni, sauti ya mkuu wake.

"Sindano, rudi. Udongo umepimwa, ni safi."

"Safi kiasi gani?"

"Kabisa. Hakuna nikeli, hakuna kadimi, hakuna sumu yoyote. Kesi imekufa."

"Basi kuna kitu wamekificha. Sirudi."

Akaizima.

Safi kabisa! Shamba lililokunywa mafuta msimu mzima? Wamdanganye mtoto anayenyonya.

Mbele kulikuwa na mtaro, na juu yake ubao mmoja. Pikipiki ikapita. Land Cruiser nayo ikajaribu, maskini, ikaingia pua chini, na waliomo wakabaki wakitukanana.

Shambani, mkaguzi alikuwa ameshashika kalamu. Pembeni yake meneja wa kampuni ya bomba, mgeni mwenye suti ya kijivu na maneno matamu, alikuwa akijisifu: kila kitu kiko vilevile kama kwenye picha za angani, hata mistari ya mchicha haijasogea. Wenye shamba, mama mdogo akiwemo, walisimama kando na magodoro yao.

Sindano akapita katikati yao bila hodi. Akang'oa mchicha mmoja, akautikisa udongo, akaelekeza kwenye jani kipimo cha eksirei cha kutambua metali, kinachoshikwa kama bastola.

Kikalia. Mkaguzi akasoma namba, akaomba kipimwe tena. Kikalia tena.

"Kadimi," Sindano akasema. "Imejaa kwenye majani. Udongo huu ni safi, sawa. Mchicha umeinywa wapi?"

Jibu lilikuwa wazi: walizoa udongo wote wenye sumu, wakamwaga mwingine, kisha kwa kuogopa zile picha zisiwaumbue wakairudisha mboga ileile, mche kwa mche. Ujanja ukawazidi kimo.

Mkono wa meneja ukateleza ndani ya koti. Glock ya Sindano ilikuwa imeshamtazama kifuani.

"Endelea," akamwambia. "Nimeamka vibaya leo."

Mkono ukatoka mtupu. Pingu zikafunga. Mkaguzi akairudisha kalamu mfukoni, na watu wakaanza kupumua.

Mama mdogo yeye hakupumua. Alilitua godoro lake mbele ya suti ya kijivu, akaketi juu yake.

"Mwanangu, muulize huyu bwana," akasema. "Udongo wetu ameumwaga kwa nani?"

Uso wa meneja ukapauka.

Sindano akamshika meneja kola, akamkalisha nyuma ya Yamaha, akapiga kiki.

"Nionyeshe ulipoumwaga," akamwambia, na wakaondoka taratibu, bila haraka yoyote.