Kikumbusho Namba Saba

Kengele ilipogonga saa tatu asubuhi, vikumbusho kumi na viwili vya Mlima Itumbula viliamka kwa pamoja. Vilinyoosha viungo, vikageuza shingo kwa mishtuko mitatu, kisha kila kimoja kikashika kazi yake kama enzi za machimbo ya dhahabu: hiki kikigonga mwamba kwa nyundo, kile kikivuta ndoo kutoka shimoni, na Namba Saba, aliyeundwa kwa sura ya mama wa makamo, akichekecha mchanga wenye maji kwenye karai. Mwaka huo wa 2094, kikumbusho kilikuwa bado fahari ya nchi: roboti mwenye ngozi ya mpira na mifupa ya chuma chepesi, aliyefundishwa kuigiza maisha ya watu waliokwisha kufa, bila kuchoka, bila kusahau, bila kuomba likizo.

Siku hiyo kulikuwa na hitilafu moja tu. Namba Saba alikuwa anawashwa na pua.

Aliwashwa kwa sababu ndani ya ngozi ile ya mpira hamkuwa na chuma wala betri. Mlikuwa na Subilaga, mkulima wa viazi, mwenye miaka hamsini na miwili na mafua kidogo.

Vikumbusho vya kweli vilikufa miaka minne iliyopita. Waliovibuni walivijaribu kwenye joto la pwani, hawakuwaza ukungu wa Itumbula ambao huingia hata ndani ya godoro. Vilianza kutoa cheche kimoja kimoja, mpaka vyote vikanyamaza. Sasa Namba Nne wa kweli alikuwa anafukuza ndege shambani, na tumboni mwa Namba Tisa kuku walikuwa wakitaga. Kijiji hakikumwambia mtu. Kilizivua ngozi zile, kikazifua, kikazivaa.

Wala haukuwa ujanja wa bure. Gari la waya, lililopandisha watalii kutoka bondeni kwa dakika kumi na moja, lilikuwa mali ya Idara ya Kumbukumbu za Mitambo, na mkataba ulisema wazi kwamba vikumbusho vikifa, gari linang'olewa. Kushuka kwa miguu ni siku mbili za korongo na utelezi. Hospitali iko bondeni, na Sikitu, binti pekee wa Subilaga, alikuwa na mimba ya mapacha ya miezi minane. Kwa hiyo Subilaga aliiacha pua iwashe.

Na leo, kati ya siku zote, alikuja mkaguzi wa Idara, na watalii walizuiwa bondeni mpaka amalize. Mhandisi Zakhia Shebughe alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mdogo wa umbo, mwenye macho ya kuhesabu nati. Ambakisye, mwenyekiti wa kijiji, alimtembeza huku akitokwa jasho katika baridi ile.

"Na huyu?" mkaguzi aliuliza, akisimama mbele ya Subilaga.

"Namba Saba, mama. Mchekechaji."

"Betri yake inadumu muda gani?"

"Mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo inabidi achajiwe."

"Kwa umeme wa jua?"

"Zaidi kwa viazi," alisema Ambakisye, kisha akatamani ardhi ipasuke immeze. "Yaani wanga wake, mama. Ni teknolojia mpya."

Mkaguzi aliandika kwenye kibao chake. Nyuma yao tumbo la Namba Mbili likanguruma, tena kwa muda mrefu.

"Gia," alisema Ambakisye.

Maonyesho yalifungwa kila mara kwa tukio la mwaka 2049, siku shimo kubwa lilipoporomoka. Moshi wa bandia ulifumka, na Namba Moja, ambaye ni msimamizi, akasimama mdomoni mwa shimo na kuwaita wale tisa ambao hawakutoka. Majina yalikuwa ya kweli. La tano lilikuwa Lusekelo Mwaipaja.

Lusekelo alikuwa baba yake Subilaga. Siku ile Subilaga alikuwa na miaka saba, amembebea baba yake chakula, akakuta vumbi na watu wanapiga kelele. Kijitabu cha matumizi kilieleza kwamba jina hilo likitajwa, Namba Saba huendelea kuchekecha. Basi kwa miaka minne, kila siku ya Mungu, Subilaga alilisikia jina la baba yake na kuendelea kuchekecha, huku watalii wakipiga picha. Aliumia kila siku upya, lakini aliumia ndani ya mpira.

"Lusekelo Mwaipaja!" aliita Namba Moja.

Karai la Namba Saba lilitikisika kidogo, maji yakamwagika. Mkaguzi aliona. Alirudi hatua moja nyuma apate kuangalia vizuri, kisigino kikanasa kwenye kamba ya ndoo, akaanguka chali ndani ya hodhi la kuoshea mchanga.

"Pole, mama!"

Zilikuwa sauti kumi na mbili kwa mkupuo mmoja. Hata Namba Sita, ambaye wakati huo alikuwa maiti chini ya turubai, aliinua kichwa akasema pole, kisha akakumbuka, akafa tena.



"Mwenyekiti, nishike mkono," alisema mkaguzi. Alitoka majini, akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu na kumwaga maji taratibu. "Nilikuwemo kwenye timu iliyozifundisha mashine hizi Kiswahili. Tulibishana wiki nzima juu ya neno pole. Wataalamu wa ng'ambo waliuliza, mtu akijikwaa mwenyewe, mashine imekosa nini hata iseme hivyo? Tukashindwa kuwaeleza, neno likafutwa. Hakuna kikumbusho popote kinachoweza kulisema."

Subilaga alimfikiria Sikitu akibebwa kwenye machela korongoni. Akauvua uso wa Namba Saba, akajikuna pua kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu Lusekelo ni nani wako?"

"Baba yangu."

Mkaguzi aliweka kiatu chini. "Na kila siku unasimama hapa ukiitiwa?"

"Kila siku. Jumapili mara mbili."

"Pole sana, mwanangu."

Subilaga alitaka kujibu kama watu wanavyojibu, kwamba ameshapoa. Kwa miaka minne maelfu ya wageni walikuwa wamemtazama usoni, na hakuna aliyewahi kumpa pole, maana nani anaipa pole mashine? Alilia akiwa amesimama, karai mkononi, na hakujificha.

Mkaguzi alichukua kibao chake na kuandika, akisoma kwa sauti ili wote wasikie. "Vikumbusho vyote kumi na viwili ni vizima. Gari la waya libaki, kwani mitambo hii ni nyeti, haifai kushushwa kwa miguu. Namba Saba anavuja maji machoni. Asirekebishwe."

Siku iliyofuata, Sikitu alishuka na gari la kwanza kwenda kusubiri karibu na hospitali. Maonyesho yaliendelea, na Namba Moja alipofika kwenye jina la tano, Namba Saba aliacha kuchekecha, akaweka karai chini, akasimama wima akilitazama shimo.

"Hii haimo kwenye kijitabu," alinong'ona mtalii mmoja.

"Ni toleo jipya," alijibu Ambakisye, akavua kofia.