Gari Lililokataa Gia ya Tatu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 1947, gari jeusi la Dawoodbhai lilikutwa limeingiza pua ndani ya duka la Taha seremala, pale Ndia Kuu, Mji wa Kale. Nusu ya ukuta ilikuwa imelala juu ya boneti. Dawoodbhai mwenyewe, mwuza vitambaa wa Bondeni na mkazi wa mtaa huo huo, alikuwa kiti cha nyuma ameushika mkono wake wa kushoto uliovunjika. Dereva wake, Kavumbi, alisimama kando akirudia maneno yale yale kwa kila aliyefika: "Nilikanyaga mafuta, likanguruma tu pasi na kwenda. Kisha likaruka."

Hakuna aliyemwamini. Wiki iliyopita watu walimsikia akigombana na tajiri wake kwa ajili ya gari hilo hilo. Kufikia saa nne alikuwa rumande.

Habari zilimfikia Dzoro akiwa chini ya lori, katika kibanda chake cha ufundi Bondeni. Kavumbi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Dzoro alitoka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akavaa shati lake safi, akaenda kituo cha polisi kwa miguu.

Inspekta Gaffar alikuwa na maelezo mezani, yamekwisha kupigwa sahihi na Haroon, mwenye gereji ya Mbaraki, aliyemwuzia Dawoodbhai gari hilo tarehe mosi Septemba. Mombasa nzima ilimjua Haroon. Ndiye peke yake, kwa kauli yake, aliyeyaelewa magari mapya ya Kimarekani yanayojibadili gia bila klachi.

"Haroon asema giaboksi ile ilikuja imefungwa kutoka Amerika, naye hajapata kuigusa," alisema Inspekta. "Asema Kavumbi ameinua zulia na kumwaga mchanga kwenye tundu la mafuta lililo chini yake. Kesho gari litapelekwa gereji kwake, alifungue, atupe ushahidi."

"Bwana Inspekta, naomba lifunguliwe hapa hapa uani, mbele ya wote."

"Na nani?"

"Na mimi."

Inspekta aliziangalia kucha za Dzoro, nyeusi hata baada ya sabuni. "Wewe wazijua gia hizi?"

"Wakati wa vita nilikuwa karakana ya jeshi nje ya Calcutta. Vifaru vyepesi vya Kimarekani vilikuwa na giaboksi mbili mbili za namna hii. Nimezifungua kumi na nane, bwana. Zote ziliondoka zikitembea."

Alilisema hilo bila kupandisha sauti. Miaka miwili tangu arudi, hapakuwa na mtu aliyemwuliza alichojifunza huko. Walimletea baiskeli na malori, naye akayatengeneza.

Inspekta aliyasukuma maelezo kando. "Kesho saa tatu. Ukiniaibisha, nawe utaniona."

Kabla ya kuondoka, Dzoro aliruhusiwa dakika kumi na shemeji yake.

"Nieleze ugonjwa ulianza lini," alimwambia. "Polepole, siku kwa siku."

"Wiki ya kwanza lilikwenda vizuri, ila lilichelewa kupanda gia. Injini yalia sana ndipo libadilishe. Wiki ya pili, likishapata moto, lilikataa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Likazidi, likazidi. Juzi hata kuondoka ilikuwa shida. Wakanyaga, lasimama, kisha lashika kwa kishindo."

"Hukumwambia tajiri?"

"Ndiyo ugomvi wenyewe, shemeji! Nilimwambia gari gonjwa. Akamwuliza Haroonbhai aliyemwuzia, akajibiwa kuwa dereva ni mshamba, hajui gari la kisasa."

"Mafuta ya giaboksi uliyaangalia?"

"Niyaangalie wapi? Haroonbhai alituambia halifunguliwi. Mimi hata hilo tundu nimelisikia leo, kwa polisi."

Dzoro alimshika bega. Ugonjwa wa wiki sita haukumwagwa ndani kwa usiku mmoja. Tena mchanga hausubiri. Ungeisaga pampu siku ile ile. Alikuwa na hakika ya hayo. Lakini hakika ya fundi wa Bondeni haikutosha. Ilibidi ionekane.

Jumatano, saa tatu kamili, gari lilikuwa uani limeinuliwa juu ya magogo. Dawoodbhai alikuja mkono umefungwa shingoni. Taha seremala aliitwa kwa ajili ya ukuta wake. Kavumbi aliletwa na askari. Haroon alifika mwisho, suti nyeupe, tarabushi imenyooka.

"Inspekta sahib, huyu ni fundi wa baiskeli," alisema. "Tutapoteza chombo cha watu."

"Tazama tu, Haroonbhai," alijibu Dzoro kwa upole. "Nikikosea, nisahihishe."

Aliingia chini ya gari. Kwanza hakugusa sinia ya mafuta iliyoifunika giaboksi kwa chini. Alimulika tochi kwenye kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye kanyagio la mafuta hadi ubavuni mwa giaboksi, akakivuta, akaguna. Kisha ndipo akafungua nati za sinia, moja moja, akazipanga juu ya gunia kwa mpango zilivyotoka. Mafuta yalitiririka mazito, meusi. Alipokichomoa kichujio, kilikuwa kimejaa uji wa kahawia, hakipitishi hata tone.

Inspekta aliinama. "Mchanga?"

"Usugue kwa vidole, bwana."

Inspekta alisugua. Ulikuwa laini. "Vumbi la mbao!"

"Pampu ilikuwa ikivuta mafuta, haipati," alisema Dzoro. "Gia hizi husukumwa na mafuta. Yakikosa nguvu, gari languruma pahali pamoja. Yakija kwa ghafla, laruka. Kavumbi alisema kweli."

Haroon alikwisha kugeuka. "Vumbi la mbao! Basi mtu ni huyu!" Kidole chake kilimwelekea Taha. "Gari hulazwa mbele ya duka lake kila siku. Wote wajua alivyomtukana Dawoodbhai kwa kumzibia mlango."

"Nilimtukana, na ningemtukana tena," Taha alisema, uso umemwiva. "Lakini kumharibia mtu mali yake, wallahi, siyo mimi!"

Inspekta alimgeukia seremala.

"Mzee Taha," Dzoro aliuliza, "wewe wafanyia kazi mbao gani?"

"Milango na masanduku ya nakshi. Msaji mtupu. Ubao mwengine hauingii dukani kwangu."

Dzoro aliteka kijiko cha ule uji, akautia kwenye bakuli la petroli, akautikisa. Akamwaga, akatia petroli nyingine. Mara ya tatu alimimina juu ya kitambaa, wakasubiri jua likaushe. Vumbi lilibaki jeupe, jepesi. Kando yake Dzoro alikung'uta vumbi kutoka mkunjo wa kikoi cha Taha. Hilo lilikuwa la rangi ya asali iliyoiva.

"Huu ni ubao mweupe wa makasha ya vipuri," alisema Taha mara moja. "Mtoto mdogo angejua."

"Makasha yamejaa Mombasa nzima," alisema Haroon. "Huyo dereva ameyaokota popote."

"Kweli," alisema Dzoro. "Basi tuulize vumbi liliingia lini. Bwana Inspekta, ingia unipigie tochi."

Sakafuni, upande wa dereva, zulia lilikuwa limekazwa kwa misumari midogo kumi na miwili. Chumvi ya hewa ya pwani ilikuwa imeiotesha kutu kote, vichwa vimegandana na uzi wa zulia. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja wa bisibisi.

"Zulia hili halikuinuliwa jana wala wiki iliyopita. Haroonbhai, lilikazwa na nani?"

"Gari lilikuja nalo. Kutoka Amerika. Nimesema sikuligusa."

Dzoro aling'oa misumari mmoja baada ya mwengine, kila mmoja ukilia. Akalikunja zulia. Kifuniko cha tundu la mafuta kilikuwepo, na juu yake lilitandikwa gazeti lililokunjwa mara nne ili kuzuia joto. Dzoro hakulisoma, lilikuwa la Kigujarati. Alimpa Dawoodbhai.

Dawoodbhai alivaa miwani kwa mkono mmoja. "Gazeti la hapa Mombasa," alisema polepole. "Jumamosi, tarehe 23 Agosti mwaka huu. Siku tisa kabla sijanunua gari." Akaligeuza. Pembeni, kwa penseli ya mgawa magazeti, paliandikwa jina la mteja. Dawoodbhai alilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti: "Haroon. Mbaraki."

Wote waligeuka kumtazama Haroon.

"Haroonbhai," alisema Dawoodbhai, "mimi nimekula kwako Idi. Umetaka kuniua?"

Haroon alivua tarabushi. Alijifuta uso kwa leso. "Si kuua, Dawoodbhai. Wallahi si kuua. Gari lilikuja likilia. Linachelewa gia, linalia. Mji wote nimeuambia mimi ndiye mjuzi wa gari hizi. Ningemwuliza nani? Nilifungua, sikuelewa kitu. Gia za zamani ukitia vumbi la mbao sauti hunyamaza... nikadhani..."

"Na huyu uliyemtia ndani?" Dzoro alimwonyesha Kavumbi, mwenye pingu. "Ulidhani nini juu yake?"

Haroon alizitazama zile pingu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Dereva ni dereva. Nilidhani hakuna atakayeuliza."

Inspekta Gaffar alimfungua Kavumbi pingu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwambia Haroon amfuate ndani, ana maelezo mengine ya kuandika, na safari hii yawe ya kweli.

Haroon alisita mlangoni. "Fundi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Ule ugonjwa wake wa kwanza. Kulia kule. Ulikuwa nini?"

Dzoro alichukua spana ndogo, akaingia chini, akakigusa kile kifimbo cha kanyagio la mafuta. "Kilikuwa kirefu kidogo. Giaboksi ilidhani dereva akanyaga sana, ikangoja." Akazungusha nati nusu mzunguko, akatoka. "Basi. Ni hivyo tu."

Haroon aliitazama ile spana, akainamisha kichwa, akaingia ndani.

Kazi ya kusafisha ilichukua siku tatu. Dzoro alifungua kila mfereji, akaosha kila kipande kwa petroli, akarudisha kila nati mahali pake. Jumapili, saa kumi alasiri, gari lilitoka. Kavumbi alishika usukani. Dzoro alikuwa anapanda mbele, kando yake, lakini Dawoodbhai alimzuia, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono mzima, akamngoja aketi kwanza.

Bondeni yote ilisimama barazani. Kavumbi alikanyaga mafuta taratibu. Gari liliondoka bila kishindo. Watu waliokuwa karibu walizisikia gia zikipanda, moja baada ya nyengine, na mtu mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakamfuata: "Mbili! Tatu! Nne!"

Kiti cha nyuma, Dzoro aliweka mikono yake meusi juu ya magoti, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.