Mtambo Mmoja kwa Gari la Ostap

Saa 2:10 asubuhi. Kharkiv, chumba cha nyuma cha gereji.

Zenoviy alichora ghala kwa chaki juu ya boneti.

"Saa tatu mlinzi anakwenda chai. Dakika sita. Mitambo minne ya kuziba mawimbi ya droni. Nazar anabeba, shangazi anaendesha."

"Na mmoja wangu," Yevdokia alisema.

"Wako, shangazi. Si nimeshasema?"

Hela hakuzitaka. Mwanawe Ostap alikuwa akibeba majeruhi kwa gari kutoka mstari wa mbele, na gari lenyewe halikuwa na kitu cha kuzipoteza droni za adui zinazowinda magari. Kila siku, saa nne kamili, alimtumia mama yake alama ya kujumlisha, basi. Maana yake: niko hai.

Saa 3:04. Kufuli likakatika. Nazar alitoka akihema, sanduku baada ya sanduku. Yevdokia, miaka thelathini dereva wa basi la umeme, akakanyaga mafuta.

Saa 3:31. Droni ya polisi ikawatokea juu.

"Washa mmoja!" Zenoviy alifoka.

Nazar akawasha. Droni ikayumba, ikapotea. Na simu zote garini zikakosa mtandao papo hapo.

Saa 4:00. Alama ya Ostap haikuingia.

"Zima, Zenoviy. Dakika moja tu."

"Tukishavuka daraja."

"Mwanangu ananiandikia sasa hivi!"

"Acha kulialia. Na ule mmoja usahau. Mnunuzi anataka yote minne."

"Bosi, ulimwahidi," Nazar alinong'ona.

"Wewe umeulizwa na nani?"

Daraja lilikuwa kushoto. Yevdokia akakata kulia, mbio hadi kizuizi cha jeshi, akafunga breki mbele ya mitutu.

Saa 4:12. Zenoviy yuko chini kifudifudi, anamtukana. Sajini akauzima mtambo. Simu ikatetemeka mkononi mwa Yevdokia. Alama haikuwapo. Ulikuwapo ujumbe wa kamanda wa Ostap: "Mama, nipigie. Droni ililipiga gari alfajiri. Tulichelewa kumwokoa."

Akampa sajini simu asome, akaketi barabarani pale pale.

"Inuka mama, kuna baridi," sajini alisema.

"Gari watapata jingine?"

"Watapata."

"Basi watampa mtoto wa mtu mwingine." Akanyoosha mikono ifungwe pingu. "Mwekeeni huo mtambo kwanza. Kabla hajapanda."