Asmini Ndani ya Simu ya Kukunja

Kila Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, Bi Bahiya wa Kigamboni hukaa barazani akisubiri simu ya Matar. Mwanawe huyo yuko Maskati mwaka wa nne sasa. Simu yenyewe ni ya kukunja, Matar ndiye aliyemletea. Kila wakimaliza kuzungumza, mama huweka vitumba vya asmini kwenye mkunjo, kama awekavyo kwenye nguo, kisha huifunga. Anaona mwanawe amepita hapo, pasikae bila harufu.

Ijumaa hii simu iliita. Uso wa Matar ukatokea, unacheka. Bi Bahiya akagusa alama ya kijani. Wapi! Akafuta kidole kwenye kanga, akagusa tena. Simu ikakatika.

"Kokuberwa! Mwanangu ananiita, siwezi kumwitika!"

Jirani yake Kokuberwa ni mtafiti wa chuo kikuu. Alikuja mbio, mikono ina unga wa chapati.

"Shikamoo, mama." Akaikunjua simu. Asmini zikamwagika. "Hee! Umeifanya kabati la nguo?"

"Marahaba. Utanicheka baadaye. Picha naiona, mbona kidole hakisikiki?"

"Picha ina tabaka lake, na kidole kina lake. Juu ya plastiki hii wamepaka utando mwembamba mno wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Kutu nayo ni oksidi. Lakini huu unapitisha mwanga na umeme. Ndio unaohisi kidole."

"Si walisema inakunjika?"

Kokuberwa akaikunja nailoni ya meza, mahali palipokaukia uji. Uji mzito ulipasuka magamba. Uliopakaa kidogo tu ulijipinda salama.

"Oksidi nayo hivyohivyo. Ikiwa nyembamba hujipinda, ila kwa mkunjo mpana, si mkali. Ukifungia kitu katikati, inabanwa, inapata nyufa. Umeme haupiti. Sie chuoni tunatafuta utando unaovumilia zaidi. Tunaweka madini ya fedha katikati ya oksidi mbili. Bado tunajaribu."

"Na mpaka mpate, mie nikae bubu?"

Kokuberwa akacheka. Akaenda kwake, akarudi na kipanya cha kompyuta, akakichomeka kwenye simu. Mshale mdogo ukatokea kwenye kioo.

"Tumia huu kwa leo. Kesho tumpelekee fundi aweke kioo kipya. Kisha usifungie kitu humo tena."

Simu ikaita. Bi Bahiya akausogeza mshale hadi kwenye kijani, akabonyeza.

"Mama! Nilidhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi, baba?"

Kioo kipya kiliwekwa. Siku hizi asmini hukaa kisahanini, kando ya simu.

"Zimechanua?" Matar aliuliza Ijumaa iliyofuata.

Bi Bahiya akakiinua kisahani mbele ya kamera. "Nusa."

Matar akafumba macho, akavuta pumzi. Na mama naye akavuta.