Mkaa wa Mzee Sheldon

Kila Jumamosi asubuhi Merveille alifuatana na mama yake, Fortunée, kwenda kusafisha ukumbi mmoja mjini Fort Worth. Mama alipiga deki, Merveille alifuta viti. Ukuta wa mbele ulikuwa na picha kubwa ya watu waliojifunga mashuka kama Warumi wa kale, wakivuna na kujenga. Mchoraji, Mzee Sheldon, alifariki kabla hajaimaliza. Pembeni aliacha mistari ya mkaa tu.

Mistari hiyo ilimkera Merveille. Mdogo wake Omer akichora ukutani kwa mkaa wa kuchomea nyama, cha moto hukiona. Basi Jumamosi moja, mama akiwa nje, ili kumfurahisha alichovya kitambaa majini akaisugua yote ikatoka.

Jumatatu simu ya wenye ukumbi ilimkuta mama jikoni. Alipoikata, aliketi mkono shavuni.

"Banasema niliharibu ukuta na dawa kali," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Kesho batakwangua plasta yote. Na kazi, sijui kama bataniachia."

Merveille alichanganyikiwa. Uchafu umegeukaje kuwa mali? Na kama alifanya vyema, mbona mama anaumia? Alitaka kusema, lakini akachukua ufagio akaanza kufagia jikoni.

Kesho yake mama aliitwa ukumbini, naye Merveille akamfuata. Walimkuta Mwalimu Wilbroad, Mtanzania aliyefundishwa kuchora na marehemu, ameshapanda ngazi ili aanze kukwangua.

"Mwalimu, ni mimi," Merveille alisema huku akilia. "Nilidhani ni uchafu."

"Ulifutia nini?"

"Maji tu."

Wilbroad alipapasa ukuta, akashusha pumzi. "Basi plasta ni nzima." Alitoa kabatini karatasi mbili ndefu za marehemu, zenye mchoro uliotobolewa vitundu kufuata mistari yake. Alibandika moja ukutani, akampa Merveille kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. "Gongagonga taratibu juu ya vitundu, unga upenye. Mzee alifanya hivi, kama mafundi wa kale, naye akatufundisha."

Walipoibandua, vitone vyeusi vilikuwa vimeshika ukutani: bega, mkono, uso wa mama aliyebeba mtoto.

"Kumbe ni weye?" Fortunée alimwuliza binti yake. "Na ulinyamaza, nikiumia mbele yako?"

"Nisamehe, mama."

"Usichokielewa, uliza kabla hujakigusa," Wilbroad alisema. "Na ukikosea, sema mapema. Mchoro huu ulikuwa na karatasi yake ya akiba, Merveille. Jina la mama yako halina."

Wakabandika karatasi ya pili. Merveille aliinua kifuko, akasita.

"Hapa nigonge?" akauliza kwanza.